Chanjo na virusi vya mafua, kikohozi na surua ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto. Wengi wanaoyauliza hawaumwi. Ni watu wenye mgonjwa nyumbani, au wenye kichanga na hawataki kiumwe. Ukiwasikiliza vizuri utaona swali lao ni moja: nikichanjwa mimi, au nikimpeleka huyu akachanjwe, wale wengine tunaolala nao chumba kimoja watasalimika? Jibu linategemea kirusi chenyewe, ndiyo maana ukurasa umekuwa mrefu.

Nikichanjwa, ninajilinda mimi tu au na walio nyumbani kwangu?

Chanjo hufanya kazi tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kukukinga usiambukizwe kabisa. Asiyeambukizwa hana cha kumpa mwenzake, basi mnyororo unakatikia kwake. Ya pili huonekana pale unapoambukizwa ingawa umechanjwa: mwili uliokwisha kumjua adui humtoa haraka, kwa hiyo siku zako za kuambukiza wengine hupungua. Ya tatu ni kukuepusha na kuumwa vibaya, yaani nimonia, kulazwa, kuwekewa oksijeni, kifo.

Walio nyumbani kwako wanafaidika moja kwa moja na kazi mbili za mwanzo. Chanjo ya surua inaifanya ile ya kwanza vizuri mno. Ya influenza, yaani mafua makali, inaifanya kwa kiasi, na kiasi hicho hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Ya korona iliifanya vizuri mwanzoni, halafu kirusi kikabadilika na kazi iliyobaki na nguvu ikawa ya tatu. Chanjo ya RSV, kirusi kinachobana vifua vya wachanga, anayopewa mjamzito imetengenezwa kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa, si kwa ajili ya kuzuia kirusi kuzunguka nyumbani. Kwa hiyo mtu akikwambia "chanjo inazuia kuambukizana", au akikwambia "chanjo haizuii kitu", muulize kwanza: ya kirusi gani?

Kwa nini watu huambukizana sana nyumbani kuliko kwingine?

Ni muda na ukaribu. Kwenye daladala unakaa nusu saa na mtu anayekohoa. Nyumbani unalala naye usiku kucha, watatu kwenye godoro moja, dirisha limefungwa kwa hofu ya mbu na vibaka, na hewa mnayovuta ni ile ile mliyoitoa.

Wataalamu hulipima jambo hili kwa hesabu nyepesi: akishaugua mtu wa kwanza katika nyumba, ni wangapi kati ya waliobaki huambukizwa baada yake? Kwa korona ya mwaka 2020, tafiti zilipokusanywa pamoja wastani ulikuwa kama watu 17 kati ya 100. Omicron, aina ya baadaye ya kirusi hicho, ilipokuja, ilivuka 40 kati ya 100. Surua haina mfano: kati ya watu 10 wasio na kinga wanaoishi na mgonjwa, 9 wataipata. Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, kwa hiyo hata kumkwepa hakusaidii sana.

Ni nani hasa anayeleta kirusi nyumbani?

Swali hili lilijibiwa hapa hapa pwani, na ningependa kila mzazi alijue jibu lake.

RSV ni kirusi kinachoongoza kwa kuwaletea watoto wachanga nimonia na kubana kwa vifua. Duniani huua watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, karibu nusu yao hawajatimiza miezi sita, na karibu wote ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust, walioko Kilifi, pwani ya Kenya, walitaka kujua watoto hawa wanakitoa wapi. Mwishoni mwa 2009 walianza kufuatilia kaya 47 za vijijini, watu karibu 500, kwa miezi sita. Kila wiki, mara mbili, walipita nyumba kwa nyumba wakichukua sampuli puani kwa kijiti cha pamba: kwa kichanga, kwa kaka na dada zake, kwa baba, kwa bibi. Mwenye mafua na asiye na mafua, wote. Anayejua shida ya kumshika mtoto wa miaka minne ili umwingize kijiti puani atawashukuru wazazi wale waliokubali kwa miezi sita.

Walichokiona ni kwamba zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa walikitoa kirusi ndani ya nyumba yao wenyewe. Katika nyumba nyingi, aliyetangulia kukipata alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa anayesoma shule. Na sehemu kubwa ya maambukizi hayakuwa na dalili yoyote. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyepata homa, lakini kirusi kilikuwemo puani.

Picha yake unaijua. Mtoto wa darasa la pili anarudi shule, anatupa begi mlangoni, anakwenda moja kwa moja kitandani alikolala mdogo wake. Kamasi amezifuta kwa mkono wa shati la shule. Anambusu mdomoni, anamchezea vidole, anampa chake kidogo anyonye. Mama anatabasamu kuona wanavyopendana. Siku tano baadaye kichanga hanyonyi vizuri na mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi.

Simlaumu mtoto wala mama. Nalieleza hili kwa sababu likishaeleweka, swali la nani achanjwe hubadilika. Wengi wetu hufikiri chanjo apewe aliye dhaifu. Kwa virusi vya hewa tunapaswa kuuliza pia: mlango wa nyumba hii ni nani?

Kumchanja mtoto wa shule kunaweza kumlinda bibi?

Kwa influenza, ndiyo, na ushahidi wake ni mzuri, ingawa haufanani kila mahali.

Magharibi mwa Kanada kuna Wakristo waitwao Wahutterite wanaoishi kwa ujamaa vijijini, wanakula pamoja na watoto wao wanasoma pamoja, na huchangamana kidogo tu na watu wa nje. Mwaka 2008 watafiti waligawa vijiji vyao mafungu mawili kwa kura. Fungu moja watoto wa miaka 3 hadi 15 walichanjwa influenza. Fungu la pili watoto walichanjwa homa ya ini aina ya A, ili wasiachwe bila kitu. Watu wazima na wazee hawakuguswa kabisa. Msimu ulipokwisha, wale ambao hawakuchanjwa katika vijiji vya fungu la kwanza walikuwa wameugua influenza kwa takriban asilimia 61 pungufu wakilinganishwa na wenzao wa fungu la pili. Sindano ilichomwa begani kwa mtoto, na bibi akasalimika. Hilo liliwezekana kwa sababu watoto wapatao 8 kati ya 10 walichanjwa. Wakichanjwa wawili watatu, usitegemee matokeo hayo.

Japani walipitia njia hiyo hiyo bila kukusudia. Kuanzia miaka ya 1960 walichanja watoto wa shule kwa wingi, na mwaka 1977 ikawa lazima kwa sheria. Mwaka 1987 wazazi wakaruhusiwa kukataa, na 1994 mpango ukafutwa kwa sababu watu waliuona hauna faida. Vifo vya wazee majira ya baridi vilipanda. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2001 walikadiria kwamba chanjo ya watoto ilikuwa ikizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kwa mwaka, vingi vyao vya wazee. Faida ilikuwepo miaka yote, ila ilikuwa inaonekana kwa watu ambao hawakuchanjwa, ndiyo maana hakuna aliyeihesabu.

Nawajibika kusema na upande wa pili. Niakhar, Senegal, jaribio lililofanyika katika vijiji 20 lilichanja watoto wadogo, na halikupata ushahidi wa kutosha kwamba jirani asiyechanjwa alilindwa. Vijiji vile si vya kujitenga, watu huingia na kutoka, na chanjo ya mwaka ule haikulingana sana na virusi vyote vilivyozunguka. Mimi naona maisha yetu yanafanana zaidi na Niakhar kuliko na Wahutterite. Kwa hiyo mchanje mtoto kwa faida yake mwenyewe kwanza. Bibi akifaidika, hiyo ni nyongeza.

Chanjo ya influenza naipata wapi?

Kwa nchi zetu haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, hivyo usiisubiri kliniki. Ulizia hospitali kubwa za mjini na za binafsi, ambako hulipiwa. Inatakiwa kila mwaka. Wanaokwenda Hija hushauriwa kuipata kabla ya safari, tofauti na ile ya uti wa mgongo ambayo bila cheti chake viza haipatikani. Kama uwezo ni wa mtu mmoja tu, mtangulize mjamzito, kisha mzee mwenye kisukari, pumu au moyo.

Mbona jirani yetu alichanjwa korona na bado akaambukiza nyumba nzima?

Inawezekana kabisa, na hakudanganyi. Ila hadithi ina vipande vitatu, na sisi tuliingia kwenye kipande cha pili.

Mwanzoni mwa 2021, huko Uingereza, watu walioambukizwa wiki tatu au zaidi baada ya dozi moja ya Pfizer au AstraZeneca waliambukiza wa nyumbani kwao kwa asilimia 40 hadi 50 pungufu kuliko wasiochanjwa. Uskoti waliwafuatilia watu zaidi ya 190,000 wanaoishi na wahudumu wa afya. Watu hawa wenyewe wengi walikuwa hawajachanjwa bado. Mhudumu alipopata dozi ya kwanza, hatari kwa wa nyumbani kwake ilipungua kwa asilimia 30. Baada ya dozi ya pili ilipungua kwa zaidi ya nusu. Nesi kachanjwa kazini, mumewe na watoto wakalindwa nyumbani.

Kisha ikaja Delta, aina nyingine ya kirusi cha korona. Uchunguzi uliofanyika katika kaya za Uingereza ulionyesha kwamba waliochanjwa wakiishi na mgonjwa, 25 kati ya 100 waliambukizwa. Wasiochanjwa, 38 kati ya 100. Bado chanjo ilimsaidia aliyenayo. Lakini ukitazama upande wa mgonjwa mwenyewe, aliyechanjwa aliambukiza wenzake karibu sawa na asiyechanjwa. Wingi wa kirusi kooni kilipofikia kilele ulikuwa unalingana, ingawa kwa aliyechanjwa kilishuka mapema zaidi. Shida ni kwamba nyumbani watu huambukizana siku zile za mwanzo, kabla ya huko kushuka.

Mwishoni mwa 2021 ikaja Omicron, na kinga dhidi ya kuambukizwa ikawa ya miezi michache tu.

Sasa tazama tarehe. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021. Tanzania ilizindua tarehe 28 Julai 2021, Delta ndiyo iliyokuwa inatawala duniani. Takwimu nzuri za Uskoti zilikuwa za kirusi ambacho wengi wetu, tulipopata sindano, kilikuwa kimeshapita. Wapo waliotangaza kwamba ukichanjwa huwezi kuambukiza mtu. Maneno hayo yaliuzidi ushahidi, na yalipovunjika yakavunja na imani ya watu kwa chanjo nyingine ambazo hazina kosa lolote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu nimeona akina mama wakisita kwenye chanjo ya surua kwa hasira ya korona.

Lililobaki imara ni kazi ya tatu: waliochanjwa walilazwa na kufa kwa uchache sana kuliko wasiochanjwa.

Kwa nini sindano ya begani isikizuie kirusi puani?

Sindano ya msuli hujaza kingamwili, yaani askari wa mwili, kwenye damu. Hizo hufika vizuri mapafuni, ndiyo maana nimonia inazuilika. Puani na kooni kuna aina yake ya kingamwili inayokaa kwenye ute, na sindano ya begani huichochea kidogo tu. Mapafu yanakuwa na mlinzi, mlango wa pua unabaki na mlinzi mmoja aliyechoka. Kirusi cha korona au influenza huanzia puani na humaliza kazi yake kwa siku chache. Surua ni tofauti, hukaa mwilini siku 10 hadi 14 kabla ya vipele kutoka, na ndani ya muda huo kinga iliyokwisha kufundishwa huwa imeamka na kukimaliza.

Surua nayo inaingiaje kwenye mazungumzo ya mafua?

Kwa sababu inaenezwa kwa hewa, kwa kukohoa na kupumua, tena kuliko vyote nilivyovitaja. Na ndiyo chanjo yetu bora kwa kuzuia maambukizi ya nyumbani: dozi moja hulinda watu 93 kati ya 100, mbili 97 kati ya 100. Kwa Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akifika miezi 9, kisha miezi 18, pamoja na ya rubela.

Kuna jambo moja kuhusu surua na nyumba ambalo halisemwi vya kutosha. Peter Aaby, mwanaanthropolojia wa Denmark, alikwenda Guinea-Bissau mwishoni mwa miaka ya 1970 wakati surua inaua watoto wengi mno. Kila mtu aliamini wanakufa kwa sababu ya utapiamlo. Yeye aliwapima watoto, akaona waliokufa hawakuwa wamekonda kuliko waliopona. Tofauti aliyoiona ilikuwa mahali walipoambukizwa. Aliyeipata nje, kwa jirani au njiani, mara nyingi alipona. Aliyeambukizwa na mtu wa nyumba moja, wakilala chumba kimoja, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Maelezo yake ni kwamba mtoto wa pili huvuta kirusi kingi, saa baada ya saa, na mwili huzidiwa kabla haujajipanga.

Fikiria maana yake kwa nyumba yenye watoto wanne. Wa kwanza anarudi na surua, anaumwa, anapona, na watu wanasema surua ni ya kawaida tu. Anayekuja kuzidiwa ni mdogo wake. Yule wa kwanza angekuwa amechanjwa, wa pili asingeambukizwa humo ndani.

Mtoto mmoja ameshatoka vipele vya surua. Waliobaki niwapeleke?

Wapeleke leo. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na kirusi inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza. Lakini nisikufiche ukweli: mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, kwa hiyo kwa nyumba moja saa hizo mara nyingi zimeshapita unapogundua. Hata hivyo nenda, maana huenda kuna aliyesalimika. Wakati wa mlipuko hata mtoto wa miezi 6 anaweza kuchanjwa mapema, na dozi hiyo haihesabiwi. Ya miezi 9 na 18 atapata kama kawaida.

Mgonjwa mwenyewe naye afike kituoni, apewe vitamini A. Ukifika, usikae naye kwenye benchi la kusubiria. Mwambie mtu wa mlangoni kwamba unashuku surua, ili mkae peke yenu nje, kwenye hewa.

Mwanangu ana wiki tatu tu. Hawezi kuchanjwa surua wala influenza. Nimlindeje?

Analindwa na wengine, na wa kwanza ni mama yake, kabla hajamzaa.

Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Chanjo ya influenza na ya korona wakati wa ujauzito humlinda mtoto miezi ya mwanzo kwa njia hiyo. Kwa RSV sasa kuna chanjo ya mjamzito iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Katika jaribio lake kubwa, ambalo Afrika Kusini na Gambia zilishiriki, ilipunguza RSV kali kwa watoto kwa asilimia 82 hivi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 69 ndani ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila nchi iwe na chanjo hii, inayotolewa kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, au njia ya pili. Njia hiyo ya pili ni sindano ya kingamwili zilizo tayari, apewe mtoto mwenyewe akishazaliwa. Kliniki zetu nyingi za umma bado hazina hata moja kati ya hizo mbili, na mimi nasema wazi kwamba ni dhuluma, kwa sababu watoto wanaokufa kwa RSV ni hawa wetu.

Baada ya mama, watazame wanaomzunguka. Kaka na dada wana dozi zote za surua? Dada wa kazi aliyetoka kijijini juzi alichanjwa utotoni? Mtoto wa shangazi aliyekuja likizo je? Mara nyingi kadi ya kichanga hukaguliwa kwa makini na za wengine zimo ndani ya begi juu ya kabati, hazijafunguliwa tangu miaka mitatu.

Na nyonyesha. Maziwa yako yana kingamwili, na hakuna chanjo hata moja kati ya hizi inayokulazimu kuacha kunyonyesha.

Kuna mfano wowote wa kwetu ambapo wasiochanjwa walilindwa na waliochanjwa?

Upo, ingawa si wa kirusi bali wa bakteria wa nimonia, pneumokoka. Kenya ilianza kuchanja watoto mwaka 2011. Kilifi walipohesabu miaka iliyofuata, ugonjwa mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na ulipungua hata kwa vichanga ambao hawajafikisha umri wa kukamilisha dozi. Waliacha kupuliziwa na kaka zao.

Aliyetoka kuchanjwa anaweza kutuambukiza kwa ile chanjo yenyewe?

Hapana kwa zote za sindano nilizozitaja. Za influenza, korona na RSV za sindano hazina kirusi hai kinachoweza kuzaliana na kuenea kwa wengine. Ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtoto anaweza kupata homa na vipele kidogo baada ya wiki moja hivi, lakini kirusi hicho hakiambukizi wa nyumbani. Ipo chanjo ya influenza ya kupulizia puani inayotumika Ulaya na Marekani. Hiyo hutoa kirusi dhaifu kidogo puani kwa siku chache. Ndugu walioko huko wakiwa na mgonjwa aliyepandikizwa uboho, wamwambie nesi kabla mtoto hajapuliziwa.

Kuna mwenye VVU nyumbani. Tufanye nini tofauti?

Anayetumia ARV vizuri na kinga yake imepanda huchanjwa kama wengine, na hujibu chanjo vizuri kuliko asiyetumia. Asiyetumia, au anayetibiwa saratani, anaweza kushindwa kupata kinga ya kutosha hata akichanjwa, na akiambukizwa hubeba kirusi kwa wiki nyingi. Kwa huyo, chanjo za wanaoishi naye ni sehemu ya matibabu yake. Mtoto aliyezaliwa na VVU apewe dozi ya nyongeza ya surua akiwa na miezi 6. Na mtu ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga, zimeshuka sana asichanjwe surua bila kumwona daktari.

Kila mtu ana mafua sasa hivi. Tuchanjwe leo?

Kwa mafua ya leo mmechelewa, kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Na mafua ya kawaida, yale ya pua kutiririka siku tano yakaisha, mengi ni ya virusi viitwavyo rinovirusi, vyenye aina zaidi ya 100. Hayana chanjo.

Tukiwa tumechanjwa wote, bado kuna haja ya kumtenga mgonjwa?

Kumtenga katika nyumba ya vyumba viwili ni maneno ya watu wenye nyumba kubwa. Fanyeni yanayowezekana. Mwenye kikohozi asilale kitanda kimoja na kichanga usiku huo, hata kama ni yeye humbembeleza siku zote. Neti izuie mbu, dirisha libaki wazi. Mtoto wa shule akirudi, anawe mikono kwa sabuni na abadili shati kabla ya kumshika mdogo wake, na busu aliweke mguuni. Hili la mguuni watoto hulipenda, hucheka, na hawalisahau.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa, au akikataa kunyonya, au mbavu zikibonyea, au midomo ikibadilika rangi, nenda kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama nyumba nzima wamechanjwa.

Dozi ya miezi 18 tuliisahau, na kadi imepotea. Nitagombezwa?

Usiogope, njoo naye. Dozi hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu mtoto anatembea, hana mizani ya kila mwezi, na mama ameshaanza kazi au ana mwingine tumboni. Umri ukipita bado anapewa. Kama huna kumbukumbu na daftari la kituo halimwonyeshi, atachanjwa upya. Kurudia dozi ya surua hakuna madhara. Njoo na kaka zake pia, kadi zao ukizipata. Siku za chanjo huanza asubuhi, na chupa ya surua ya dozi 10 ikishachanganywa ina saa sita tu za kutumika, kwa hiyo tunafurahi tukiona watoto wengi kwa pamoja.